Robert Koch: Daktari Aliyepita Milimani Kwetu

Mwanachuo yeyote wa fani za afya amewahi kukesha na kanuni za Koch. Zimo kwenye desa la mwaka wa kwanza, zimo kwenye UE, na hata ukiamshwa saa nane za usiku utazitaja: kijidudu kionekane kwa kila mgonjwa, kioteshwe peke yake nje ya mwili, kikipandikizwa kwa mnyama mzima kimuuguze, kisha kitolewe kwa yule mnyama kikiwa kilekile. Tukishazimwaga kwenye karatasi ya mtihani, tunaagana naye na maisha yanaendelea.

Mimi kilichonirudisha kwake ni kwamba jamaa alitembea milimani kwetu. Alifanya kazi Kwai, wilaya ya Lushoto, akafanya kazi Amani upande wa Muheza, na baadhi ya mambo aliyoyakuta Usambara yameingia katika historia ya tiba duniani. Nimezaliwa Lushoto na nimesoma huko mpaka kidato cha sita, lakini darasani kwetu Koch alikuwa mtu wa Berlin tu.

Nasimulia maisha yake hapa kwa sababu moja kubwa. Ndani ya mtu huyu mmoja umo mfano mzuri kabisa wa namna ya kuthibitisha jambo, na umo pia mfano wa namna ya kuumiza watu kwa kutangaza jambo kabla halijathibitishwa. Sisi ambao kila muhula tunapewa machapisho tuyasome na kuyalinganisha, tunahitaji kumjua kwa pande zote mbili.

Mtoto wa machimboni

Robert Koch alizaliwa tarehe 11 Desemba 1843 huko Clausthal, mji wa machimbo katika milima ya Harz, Ujerumani. Baba yake alikuwa ofisa wa migodi, na nyumbani walizaliwa watoto 13. Alisoma udaktari Chuo Kikuu cha Göttingen, akahitimu mwaka 1866. Mmoja wa walimu wake, Jacob Henle, tangu zamani alikuwa akishikilia kwamba magonjwa ya kuambukiza yanaletwa na viumbe hai vidogo. Wakati huo wengi bado waliamini magonjwa yanatokana na hewa chafu.

Baada ya kuhudumu kama daktari katika vita vya Ujerumani na Ufaransa, mwaka 1872 alipangiwa kazi Wöllstein, mji mdogo ambao leo uko Poland. Alikuwa daktari wa wilaya, yaani huku kwetu tungesema DMO wa mkoani: hana maabara, hana maktaba, hana profesa wa kumshika mkono. Alichokuwa nacho ni hadubini aliyopewa na mkewe, Emmy, na kipande cha chumba alichokitenga kwa ajili ya majaribio yake.

Huko mashambani ng'ombe na kondoo walikuwa wanakufa kwa kimeta. Vijiti vidogo vilikuwa vimeshaonekana katika damu ya mifugo iliyokufa, ila hakuna aliyekuwa ameonyesha kwamba vijiti hivyo ndivyo chanzo. Koch akachukua damu ya mnyama aliyekufa, akawachoma panya kwa vibanzi vya mbao vilivyochovywa ndani yake. Panya wakafa. Panya wengine akawachoma kwa damu ya mnyama mzima. Hawakufa. Halafu akavikuza vile vijiti nje ya mwili, kwenye majimaji ya jicho la ng'ombe, akaona vikigeuka kuwa mbegu ngumu zinazoweza kukaa ardhini muda mrefu. Hapo ikaeleweka kwa nini malisho fulani yaliua mifugo mwaka hadi mwaka.

Naomba usiwapite haraka wale panya waliochomwa damu salama. Hilo ndilo kundi la kulinganishia. Bila hao, mtu angeweza kusema panya wameuawa na kidonda tu. Mwaka 1876 Koch alifunga safari hadi Breslau kumwonyesha kazi yake Ferdinand Cohn, mtaalamu mkubwa wa bakteria. Daktari wa wilaya asiyejulikana aliwasadikisha maprofesa kwa sababu aliwawekea mezani kila hatua, wakaiona kwa macho yao.

Machi 24

Mwaka 1880 akahamishiwa Berlin, kwenye Ofisi ya Afya ya dola. Huko akaanza kusaka chanzo cha kifua kikuu. Kwa hesabu yake mwenyewe, enzi hizo mtu mmoja kati ya kila saba waliokufa aliuawa na ugonjwa huo. Bakteria wake ni wagumu: hawashiki rangi kirahisi na wanakua polepole mno, kiasi kwamba anayeotesha kwa haraka hatupa vyombo vyake akidhani hakuna kitu. Koch alisubiri wiki kadhaa. Akawapata, akawaotesha, akawapandikiza kwa wanyama wa maabara, wakaugua kifua kikuu kilekile.

Alitangaza matokeo tarehe 24 Machi 1882 mbele ya chama cha wanafiziolojia cha Berlin. Ndiyo maana kila Machi 24 unaona mabango ya Siku ya Kifua Kikuu Duniani. Mwaka uliofuata alikwenda Misri kisha India kufuatilia kipindupindu, na alirudi Ujerumani kama shujaa wa taifa. Mwaka 1885 alipewa uprofesa Berlin. Umri miaka 41, jina lake liko midomoni mwa kila mtu.

Sasa hapo ndipo mambo yalipoanza kupinda.

Dawa ya siri

Agosti 1890 kulikuwa na mkutano mkubwa wa kimataifa wa madaktari mjini Berlin. Koch alisimama akaeleza kwamba amepata kitu kinachozuia bakteria wa kifua kikuu kukua. Novemba akachapisha makala akieleza kwamba kitu hicho kinaweza kuponya kifua kikuu kilichoanza. Ila hakusema kimetengenezwa na nini wala kinatengenezwaje. Kwa lugha yetu ya leo, alichapisha matokeo akaficha mbinu.

Fikiria wewe ni mgonjwa wa kifua kikuu mwaka huo. Dawa hakuna. Anayesema amepata dawa ni yule yule aliyekigundua kijidudu chenyewe. Utauliza maswali? Wagonjwa walimiminika Berlin kwa maelfu, hoteli zikajaa, madaktari wakaja kutoka kila pembe kutafuta chupa moja. Miongoni mwa waliokwenda kujionea alikuwa daktari kijana wa Uingereza, Arthur Conan Doyle, ambaye sisi tunamjua kwa hadithi za Sherlock Holmes. Aliangalia wagonjwa wodini, akarudi kwao akiandika kwa tahadhari, wakati magazeti mengi yalikuwa yanashangilia.

Miezi michache tu ikatosha. Wagonjwa wengi hawakupona, wengine wakazidiwa, wengine wakafa. Rudolf Virchow, bingwa wa kupasua maiti Berlin, akaonyesha kwamba kwa baadhi ya waliochomwa sindano hizo ugonjwa ulikuwa umesambaa mwilini. Januari 1891 Koch akalazimika kueleza kilichomo: ni mchujo wa bakteria wa kifua kikuu uliotengenezwa kwa gliserini. Akaondoka kwenda Misri kukaa mbali na kelele. Kusema kweli hakuwa mwongo. Sindano hiyo alikuwa amejichoma hata yeye mwenyewe. Tatizo ni kwamba wale panya wa Wöllstein, lile kundi la kulinganishia, safari hii hawakuwepo.

Tuberkulini haikufa moja kwa moja. Ilishindwa kuwa dawa, ikaja kuwa kipimo: ile sindano ndogo ya kwenye ngozi ya mkono, inayoonyesha kama mwili umewahi kukutana na kifua kikuu, ni mjukuu wake.

Kwai, kupe na mbu

Mwaka 1891 Koch alifunguliwa taasisi yake ya magonjwa ya kuambukiza mjini Berlin, na mwaka 1893, baada ya kuachana na Emmy, alimwoa Hedwig Freiberg. Kuanzia hapo akawa mtu wa safari. Mwaka 1896 aliitwa Afrika Kusini kwa ajili ya sotoka ya ng'ombe, mwaka 1897 akapelekwa Bombay kwenye tauni, na kutoka huko akashuka koloni la Ujerumani la Afrika Mashariki, yaani kwetu.

Akiwa hapa alipokea sampuli za ugonjwa uliokuwa ukiua watu Kisiba, upande wa Bukoba, ambao wenyeji waliuita rubunga. Akathibitisha kuwa ni tauni. Kisha akageukia ng'ombe. Huko Marekani, mwaka 1893, Smith na Kilborne walikuwa wamechapisha kwamba homa fulani ya ng'ombe inaenezwa na kupe, na wengi hawakuwa wamekubali. Koch akakusanya kupe kutoka kwa ng'ombe wa pwani, akawapandisha hadi Kwai, zaidi ya mita 1,500 juu ya bahari, ambako Wajerumani walikuwa na shamba la majaribio. Makinda ya kupe hao yakawekwa kwenye ng'ombe wazima wa mlimani. Ng'ombe wakaugua. Hivyo Kwai, mahali ambapo leo tunapita na daladala tukifikiria kabichi na viazi, palisaidia kuthibitisha kwamba mdudu anaweza kupokea ugonjwa kwa mama yake na kuupeleka kwa mnyama.

Jambo la pili la Usambara ndilo ninalolipenda zaidi. Katika taarifa zake za mwaka 1898 Koch aliandika kwamba watu wa milimani, wakishuka tambarare na kurudi, hupatwa na homa, na homa hiyo huiita mbu. Walimweleza kwamba huko chini kuna wadudu wanaowauma, na wadudu wenyewe pia jina lao ni mbu. Angalia tarehe. Ronald Ross alikuwa ndiyo kwanza yuko India akipasua mbu kutafuta vimelea vya malaria. Katika miji mikubwa ya Ulaya bado ilikuwa mada ya kubishaniwa. Wazee wetu wa Kishambaa walikuwa hawana hadubini, ila walikuwa na vizazi vya kulinganisha: anayebaki juu haugui, anayeshuka anaugua, na kilichopo chini ambacho juu hakipo ni yule mdudu.

Huo ni utafiti, jamani. Una makundi mawili, una tofauti moja, una matokeo. Na sifa moja ya Koch ni kwamba aliusikiliza na akauandika, ingawa aliowasikiliza walikuwa watawaliwa wa nchi yake.

Amani na homa ya papasi

Mwaka 1902 Wajerumani walianzisha taasisi ya biolojia na kilimo Amani, Usambara Mashariki. Ilikuwa na bustani ya mimea kutoka kila bara, ikiwemo miti ya kwinini, na maabara ambayo haikuwa na mfano wake sehemu kubwa ya Afrika. Koch alirudi huku mwaka 1905, akiwa ameshang'atuka katika taasisi yake Berlin.

Safari hiyo alifuatilia homa ya papasi, homa inayokuja, inaondoka, halafu inarudi tena. Papasi ni kupe laini wanaojificha kwenye nyufa za nyumba za udongo na kutoka usiku. Koch alichunguza vituo vya njia za misafara, mahali wapagazi walipolala, akakuta papasi wenye vijidudu vya ugonjwa, na akavikuta hata ndani ya mayai yao. Kwa hiyo papasi anazaliwa tayari amebeba homa. Hakuwa peke yake katika hilo. Katika Kongo, Dutton na Todd walikuwa wamefikia jambo hilohilo kwa njia yao, na Dutton aliugua homa hiyo akafa Februari 1905 akiwa kazini.

Mwaka huohuo kusini mwa nchi vita vya Maji Maji vililipuka. Tusiisahau hali hiyo. Maabara ya Amani na bunduki za Wajerumani kule kusini vilikuwa mali ya dola moja. Desemba 1905 Koch alipokea Tuzo ya Nobel ya tiba kwa kazi yake ya kifua kikuu.

Sese

Mwaka 1906 alirejea mara ya tatu, sasa akiongoza msafara wa malale. Walianzia Amani, wakajifunza tabia za mbung'o, kisha wakaenda Mwanza, na hatimaye visiwa vya Sese katika Ziwa Viktoria, upande wa Uganda iliyokuwa chini ya Waingereza. Malale ilikuwa imevifyeka visiwa hivyo.

Dawa aliyokuwa nayo iliitwa Atoxyl, yenye arseniki ndani yake, ingawa jina lake lilitungwa kumaanisha kitu kisicho na sumu. Watafiti wa Liverpool walikuwa wameshaonyesha mwaka 1905 kwamba inafaa kwa wanyama wenye malale. Koch akaweka kambi kisiwa cha Bugala. Wagonjwa wakaja wenyewe kwa mitumbwi, wengi wakibebwa, hadi idadi ikapita elfu moja. Alikuwa anachoma nusu gramu kwa siku mbili mfululizo, akirudia baada ya siku kadhaa, na akipima tezi za shingo kuona kama vimelea vipo. Vilitoweka. Waliokuwa hawawezi kusimama wakasimama. Koch akaandika nyumbani kwa furaha, akiilinganisha dawa hiyo na kwinini kwa malaria.

Baada ya muda vimelea vikarudi. Akapandisha dozi hadi gramu nzima. Wagonjwa wakaanza kulalamika maumivu na kizunguzungu, wengine wakatoroka kambini. Kisha macho. Watu 22 wakapofuka, na hawakuona tena. Ndipo dozi kubwa ikasitishwa.

Hao 22 ndio ninaowafikiria kila nikifungua ukurasa wa madhara ya dawa kwenye chapisho lolote. Walikuwa wavuvi na wakulima kisiwani. Wengi wao maisha yao yalitegemea macho. Hawakuwa na gazeti wala bunge la kuwasemea, wala kamati ya maadili ya kumzuia mgeni kuongeza dozi. Hawakuwa hata na kundi la kulinganishia pembeni yao, la kuonyesha kama dozi kubwa inazidi ndogo kwa lolote zaidi ya sumu. Alipoondoka mwaka 1907 Koch bado aliitetea dawa, na alishauri wagonjwa wakusanywe kambini wachomwe hukohuko. Ushauri huo ulifuatwa katika koloni la Wajerumani, na watu wakaendelea kukimbia kambi hizo.

Yanatuhusu nini sisi?

Muhula huu kikundi chetu kilipewa kazi ya kulinganisha machapisho ya dawa mbili zisizofanana: antibiotiki moja na dawa moja ya kuzuia kolinesteresi. Tulichagua doksisaiklini na donepezili. Wenzetu wa vikundi vingine walitucheka, maana ni kama kulinganisha jembe na mwavuli. Mimi nilikuwa na sababu yangu. Bibi yangu aliyeko Lushoto ameanza kusahau majina ya wajukuu, na shangazi alinipigia simu akitaka mwanawe anayesoma chuo amwambie kama familia ichange hela za vidonge hivyo kila mwezi.

Nianze na doksisaiklini. Lushoto tunaijua tauni. Tangu mwaka 1980, kwa zaidi ya miaka ishirini, ililipuka mara kwa mara, hasa vijiji vya upande wa Shume. Mwaka 2006 lilichapishwa jaribio lililofanyika hapa Tanzania kwa wagonjwa wa tauni 65, watoto na watu wazima, waliogawanywa kwa bahati nasibu. Watu 35 walipewa jentamaisini ya sindano na 30 walipewa doksisaiklini. Watatu walifariki katika siku mbili za mwanzo, wawili kundi la kwanza na mmoja kundi la pili. Waliobaki wote walipona. Ukiweka kwa asilimia ni 94 kwa 97.

Mtu wa haraka atasema doksisaiklini imeshinda. Haijashinda. Tofauti yote hiyo ni kifo kimoja. Linalosemwa na jaribio ni kwamba zote mbili zinaokoa, na habari njema kwa zahanati ya kijijini ni kwamba mojawapo ni ya kumeza. Hakukuwa na kundi la vidonge bandia, na ni sawa kabisa. Tauni isiyotibiwa inaua wengi sana, hivyo kumnyima mgonjwa dawa ili upate jedwali zuri ni ukatili.

Donepezili ni habari nyingine. Katika ugonjwa wa Alzheimer, seli za ubongo zinazotumia asetilikolini hufa. Asetilikolini ni kemikali ya kupeleka ujumbe, na kimeng'enya kiitwacho kolinesteresi ndicho kinachoivunja. Dawa inakizuia kimeng'enya ili hiyo kidogo iliyobaki idumu. Seli zilizokufa hairudishi. Kwa njia, mkulima wa nyanya wa Lushoto anakutana na kolinesteresi bila kujua, kwani baadhi ya viuatilifu vya kupulizia mazao vinazuia kimeng'enya hichohicho kwa ukali. Ndiyo maana anayepulizia bila kinga hutokwa mate, jasho na machozi.

Jaribio kubwa la Uingereza lililochapishwa mwaka 2004 lilikuwa na wagonjwa 565, nusu donepezili, nusu vidonge bandia. Katika kipimo cha kumbukumbu chenye alama 30, waliopewa dawa walikuwa mbele kwa alama 0.8 kwa wastani. Baada ya miaka mitatu, asilimia 42 yao walikuwa wamepelekwa kwenye nyumba za kulelea, kwa 44 ya wale wengine. Kwa hiyo dawa inafanya kitu, ila ni kitu kidogo. Ndiyo maana ilihitaji watu mamia kuonekana, wakati dawa ya tauni inaonekana kwa wagonjwa 65.

Na kuna mahali dawa hizi zinakutana kweli. Mwaka 2004 watafiti wa Kanada walichapisha jaribio la kuwapa wagonjwa 101 wa Alzheimer doksisaiklini pamoja na rifampisini, dawa ya kifua kikuu cha Koch. Miezi sita ilipofika waliotumia dawa walikuwa wamedhoofika kidogo kuliko wengine. Ungesoma hilo peke yake ungekimbilia famasi. Lakini watafiti hawakuishia hapo. Jaribio la pili, lililochapishwa mwaka 2013 na lililokuwa na wagonjwa 406, halikukuta faida yoyote.

Shangazi nilimweleza hivyohivyo: alama 0.8 kati ya 30, bei ya vidonge, madhara ya tumbo na mapigo ya moyo, na kwamba aongee na daktari aliyemwona bibi uso kwa uso. Uamuzi ni wao. Ila sikutaka waamue kwa kutishwa na jina la dawa wala la aliyeiandika.

Baada yake

Robert Koch alifariki tarehe 27 Mei 1910 huko Baden-Baden kwa ugonjwa wa moyo, akiwa na miaka 66. Majivu yake yamehifadhiwa Berlin, kwenye taasisi inayobeba jina lake hadi leo. Atoxyl ilimpa kazi Paul Ehrlich, aliyewahi kufanya kazi pamoja na Koch. Mwaka 1907 aligundua muundo wake halisi, na akitokea hapo akaja kupata dawa ya kaswende. Kazi ya magonjwa ya milimani inaendelezwa na Watanzania wenyewe, katika kituo cha Amani cha taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, NIMR, makao yake yakiwa Muheza.

Wanazuoni wenzangu, boom likiisha na desa likiwa ndilo tegemeo, ni rahisi kusoma muhtasari wa chapisho na jina la mwandishi tukaishia hapo. Wa Berlin mwaka 1890 walisoma hivyo. Nawaomba tuanzie kwenye jedwali: waliolinganishwa ni akina nani na nani, walikuwa wangapi, walifuatiliwa muda gani, na walioumia wameandikwa wapi.

Inawezekana kufanya hivyo hata kwa malale. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya jaribio la vidonge vipya, feksinidazoli, kwa wagonjwa 394 wa Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Kundi moja lilipata vidonge, lingine tiba ya kawaida inayohitaji kutundikiwa dripu, na watu walifuatiliwa miezi 18. Vidonge vilifaulu kwa asilimia 91, tiba ya zamani 98. Dawa mpya ilikuwa nyuma kidogo, na waandishi wakaliandika hilo waziwazi, pamoja na madhara yote, ili daktari wa kijiji kisicho na umeme ajue anachokipata na anachokipoteza. Vidonge hivyo sasa vinatumika, na mgonjwa wa malale anaweza kutibiwa akiwa amekaa nyumbani kwake.